Namna ya Kuusoma Mkataba wa Kimataifa kwa Ramani ya Majimbo

Machi 2025 shemeji yangu, ambaye hununua ndizi Tukuyu na kuzivusha Kasumulu kwenda Malawi, alifika kwangu Uyole na Fuso lililokuwa bado na nusu ya mzigo. Mikungu ya chini ilikwisha kuiva kwa joto la Kyela na la turubai, na harufu yake iliingia sebuleni kabla yeye mwenyewe hajapiga hodi. Malawi ilikuwa imezuia kwa muda uingizaji wa bidhaa kadhaa kutoka nje, zikiwemo ndizi, mchele, tangawizi, unga na mahindi, kwa maelezo kwamba inawalinda wazalishaji wake. Alipokwisha kunawa na kukaa, aliniuliza: "Shemeji, wewe ndiye unayefundisha Uraia. Hawa si tuko nao SADC? Mkataba si waliusaini wenyewe? Sasa wanatufungiaje mpaka?"

Siku ile nilimjibu kwamba ni siasa tu, jibu ambalo mwanafunzi wangu akiliandika kwenye mtihani simpi hata alama moja. Baadaye nilikaa na daftari nikajaribu kulijibu swali lake kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaoueleza hapa kwa mwalimu, mwanafunzi, mfanyabiashara au mwandishi wa habari anayetaka kujua kama mfumo wa uchaguzi wa nchi fulani unachangia nchi hiyo kutimiza au kuvunja ahadi zake za kimataifa. Watu wengi huanza kwa kuuliza ni mfumo upi ulio bora. Mimi naona swali linalofaa zaidi ni hili: kura ya nani inapatikana kwa kuuvunja mkataba huu, na mwenye kura hiyo anaishi wapi?

Anza na kifungu

Usianze na mkataba mzima. Chukua kifungu kimoja kinachodaiwa kuvunjwa, ukiandike kwa maneno yako mwenyewe, kisha uandike chini yake ruhusa zote ambazo mkataba wenyewe umezitoa. Itifaki ya Biashara ya SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya nchi za Kusini mwa Afrika, iliyotiwa saini mwaka 1996 na ikawa msingi wa eneo huru la biashara lililozinduliwa 2008, inazitaka nchi wanachama ziondoe vizuizi vya uingizaji wa bidhaa baina yao, lakini inaziruhusu kuchukua hatua za kulinda uhai na afya ya binadamu, wanyama na mimea, na imeacha pia nafasi ya kulinda viwanda vichanga kwa muda na kwa masharti. Kwa hiyo nchi inayofunga mpaka inaweza kuwa inavunja ahadi, na inaweza kuwa inapita kwenye mlango ambao mkataba uliuacha wazi makusudi. Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda tarehe 5 Machi 2021, sababu iliyotolewa ilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, na siku tano baadaye zuio likaondolewa na kuwekwa masharti ya vyeti na usajili. Sumukuvu ni hatari ya kweli. Anayedai kwamba ilikuwa kisingizio ana wajibu wa kuonyesha ushahidi.

Tenganisha pia hatua ambazo mkataba hupitia, maana mfumo wa uchaguzi hauzigusi zote kwa namna moja. Kutia saini hufanywa na serikali. Kuridhia, kwa upande wetu, ni kazi ya Bunge: Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya 1977 inalipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Baada ya hapo, Tanzania huhitaji sheria ya ndani ili mahakama zake ziutumie mkataba huo kama sheria, wakati Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mkataba uliokwisha kuridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi. Mwisho kabisa kuna utekelezaji wenyewe, yaani afisa aliyesimama kwenye geti la mpaka na karatasi mkononi. Nchi inaweza kuwa na bidii kubwa katika hatua ya kwanza na uvivu mkubwa katika ya mwisho, na mara nyingi uvivu huo ndiko zilikojificha kura.

Mtafute anayeumia, na umtafutie anwani

Andika makundi yanayopata na yanayopoteza kifungu kikitimizwa. Ukiandika "wananchi" utakuwa hujaandika kitu. Kwa ndizi za Malawi makundi ni haya: mkulima wa ndizi wa huko, ambaye zetu zikiingia bei yake inashuka, mlaji wa mjini, ambaye zikizuiwa ananunua ghali kidogo, mchuuzi wa mpakani wa pande zote mbili, na serikali, ambayo wakati ule ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni. Kila kundi lipe ukubwa wake, uchungu wake na mahali linapoishi.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalielewa jambo la mahali bila kuelezwa sana, kwa kuwa mazao yetu yamekaa kwa makundi. Tumbaku iko Chunya, mpunga uko Mbarali na Kyela, chai iko Rungwe na Mufindi, viazi viko Uporoto, na parachichi sasa limetapakaa Njombe na Rungwe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Faida ya mkataba huo kwa afya inamgusa kila mtu kidogo kidogo, kuanzia Mbeya hadi Mtwara, lakini mkulima mwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kule Chunya anauona kama jambo linalohusu ada ya mtoto wake. Mtu wa Makambako halali macho kwa ajili ya kifungu cha matangazo ya sigara. Wa Chunya anaweza kukilalia macho, na wa Chunya wako pamoja, katika eneo linalopeleka mbunge wake bungeni.

Zipange punje

Hapa ndipo wanafunzi wangu huamka, kwa hiyo naomba nikawie kidogo. Chukua visahani kumi, punje za mahindi meupe na maharage mekundu. Kila kisahani ni jimbo, na kila jimbo lina punje 20. Mahindi ni kura za chama kinachotawala, maharage ni za upinzani. Katika visahani sita weka mahindi 12 na maharage 8. Katika vinne vilivyobaki weka mahindi 8 na maharage 12. Chama tawala kina majimbo sita kati ya kumi, kwa hiyo kinaunda serikali. Jumla ya punje zake ni 104 kati ya 200, yaani asilimia 52.

Sasa chagua visahani viwili kati ya vile sita vya chama tawala, na katika kila kimoja zipake wino punje tano za mahindi. Hao ndio wakulima wa ndizi. Ni punje kumi katika nchi nzima, asilimia tano tu ya wapiga kura. Serikali ikiheshimu mkataba na kufungua mpaka, tuseme watatu kati ya kila watano wanakasirika na kuhamia upinzani. Ondoa mahindi matatu yenye wino katika kila kisahani, uweke maharage matatu. Visahani hivyo viwili sasa vina mahindi 9 na maharage 11. Chama tawala kimebaki na majimbo manne, na serikali imeanguka, kwa punje sita zilizohama kati ya punje mia mbili.

Rudisha punje kama zilivyokuwa, kisha uzimwage zote mezani kana kwamba nchi nzima ni jimbo moja na viti kumi vinagawanywa kwa uwiano wa kura. Chama tawala chenye asilimia 52 kinapata viti vitano, na tangu siku ya kwanza kimelazimika kutafuta mshirika. Hamisha punje zile zile sita. Asilimia inashuka hadi 49, na ukigawanya tena viti vinabaki vitano. Wakulima wale wale, hasira ile ile, hesabu tofauti kabisa.

Halafu fanya jaribio la tatu, ambalo wengi hulisahau. Rudi kwenye majimbo kumi, lakini safari hii wasambaze wakulima wa ndizi, punje moja katika kila kisahani, na uhamishe sita kati yao. Jimbo ambalo lilikuwa 12 kwa 8 litakuwa 11 kwa 9, na chama tawala hakitapoteza hata kiti kimoja. Mfumo wa wingi wa kura katika jimbo la mbunge mmoja haumpi nguvu kila mwenye malalamiko. Unampa nguvu yule anayeishi karibu na wenzake, katika jimbo ambalo ushindi wake ni mwembamba. Ndiyo maana kujua jina la mfumo hakutoshi mpaka uwe umejua pia makazi ya watu na pengo la kura.

Wachunguzi wa siasa za biashara wamekuwa wakiijenga hoja hii kwa miongo kadhaa, na uchunguzi wa migogoro iliyofikishwa kwenye mfumo wa GATT, ule mkataba mkuu wa ushuru na biashara, na baadaye Shirika la Biashara Duniani, umewahi kuonyesha mwelekeo huo: serikali zinazochaguliwa kwa majimbo ya kiti kimoja zilielekea zaidi kukiuka ahadi zao za biashara kuliko zile zinazochaguliwa kwa uwiano. Sababu ni ile tuliyoiona mezani. Chama kinachotafuta kura nchi nzima humhesabu pia mlaji anayelipa shilingi chache zaidi kwa kila ndizi, kwa kuwa kura inayopotea popote ni kura iliyopotea, wakati chama kinachotafuta majimbo humwangalia kwanza mtu wa jimbo linaloyumba.

Usiishie kwenye jina la mfumo

Mifumo miwili yenye jina moja inaweza kuwa na tabia mbili. Uholanzi huchagua wabunge 150 wa baraza lake kuu kwa kuihesabu nchi nzima kama eneo moja. Ireland nayo hugawa viti kwa namna ya uwiano, lakini katika majimbo madogo ya viti vitatu hadi vitano ambako mgombea huwekewa namba ya upendeleo kwa jina lake, kwa hiyo mbunge wa huko hawezi kuisahau barabara ya kijijini kwao. Afrika Kusini hutumia orodha za chama ambazo mpiga kura hawezi kuzipangua, wakati Brazil humruhusu mpiga kura amchague mtu ndani ya orodha. Kadiri mgombea anavyohitaji kura yake binafsi, ndivyo anavyosikiliza zaidi kundi dogo lenye kelele. Uliza basi mambo matatu: eneo moja la uchaguzi lina viti vingapi, mpiga kura anachagua chama au mtu, na nani mwenye kauli ya kumpitisha mgombea.

Uliza pia ni uchaguzi upi unaohusika, maana mipaka hufungwa na mawaziri, na mawaziri huteuliwa na rais. Rais wa Tanzania, tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, hushinda kwa kupata kura nyingi kuliko wengine bila kulazimika kuvuka nusu. Kenya tangu 2010, Zambia tangu 2016 na Malawi tangu 2020 hudai zaidi ya nusu ya kura. Rais anayehitaji zaidi ya nusu hulazimika kutafuta kura nje ya ngome yake, na kwa nadharia hilo linapaswa kumfanya awe mgumu kidogo kuuziwa ombi la wilaya moja. Kwetu kuna mchanganyiko ambao hata baadhi ya walimu wenzangu hawauoni: wabunge wa majimbo hupatikana kwa wingi wa kura, lakini wabunge wanawake wa viti maalum hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia tano ya kura halali, kwa kulingana na kura zao. Kipande cha uwiano tunacho tayari ndani ya Bunge letu, ingawa mbunge wa viti maalum hana jimbo la kumtuma akatetee ndizi.

Weka kalenda kando ya ramani

Ahadi huvunjwa zaidi pale mpiga kura anapokaribia kuombwa kitu. Malawi ilifunga Machi 2025, na uchaguzi wake mkuu ulikuwa tarehe 16 Septemba mwaka huo. Tanzania ilijibu tarehe 23 Aprili kwa kuzuia mazao ya kilimo ya Malawi na ya Afrika Kusini, ambayo kwa miaka ilikuwa imezuia ndizi zetu, na mwanzoni mwa Mei zuio hilo likaondolewa. Mwezi Julai serikali yetu ilitoa amri iliyowakataza wasio raia kufanya shughuli 15 za biashara, ikiwemo kununua mazao shambani, na Kenya ikalalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010. Uchaguzi wetu ulikuwa tarehe 29 Oktoba.

Tarehe zinazofuatana hazithibitishi kwamba moja imezaa nyingine. Malawi ilikuwa na shida ya fedha za kigeni ambayo ingekuwepo hata bila uchaguzi, na malalamiko ya wachuuzi wa Kariakoo juu ya wageni yalianza kabla ya kampeni. Andika tarehe, kisha utafute kama katika miaka isiyo ya uchaguzi shinikizo lile lile lilitoa uamuzi ule ule. Ukikuta kwamba lilitoa, ifute kalenda katika maelezo yako hata kama inapendeza.

Mwangalie anayelipiza

Ramani yako ya majimbo inasomwa na wengine pia, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa chuma cha Marekani. Machi 2002 Rais George W. Bush aliweka ushuru uliofika asilimia 30 juu ya aina nyingi za chuma kutoka nje. Chuma hicho hutengenezwa katika majimbo kama Pennsylvania, West Virginia na Ohio, ambayo katika uchaguzi wa rais wa Marekani yana uzito mkubwa kwa sababu kila jimbo hutoa kura zake za uteuzi, yaani za wajumbe wanaomchagua rais, na karibu yote humpa mshindi kura hizo zote. Bush mwenyewe aliingia madarakani baada ya kushinda Florida kwa kura 537, akiwa amepitwa kwa jumla ya kura za nchi nzima.

Umoja wa Ulaya ulishtaki katika Shirika la Biashara Duniani, na Novemba 2003 rufaa ikaamuliwa dhidi ya Marekani. Wakati huo Ulaya ilikuwa imekwisha kuandaa orodha ya bidhaa za Marekani za kutozwa ushuru wa kulipiza, zenye thamani ya takriban dola bilioni 2.2, na ndani yake yalikuwamo machungwa na maji yake, ambayo mtu yeyote anayeijua Florida anajua yanatoka wapi, pamoja na nguo za majimbo ya Carolina. Walioandaa orodha ile walikuwa wamepanga punje zao vizuri. Tarehe 4 Desemba 2003 ushuru wa chuma uliondolewa. Mfumo wa uchaguzi uliomsukuma rais kuvunja ahadi ndio uliotumika kumrudisha.

Kwa hiyo katika daftari lako acha ukurasa wa makali ya mkataba: je, kuna chombo cha kushtaki, na je, mshindi ana kitu cha kulipizia? Shemeji yangu asingekuwa na pa kwenda. Mahakama ya SADC ilisimamishwa 2010, baada ya kutoa hukumu 2008 dhidi ya Zimbabwe katika kesi ya mashamba. Kilichobaki ni mawaziri kupigiana simu au kufungiana mipaka, na ndicho kilichotokea Aprili.

Ijaribu hoja yako kwa kuipinga

Ukishapata maelezo yanayokuridhisha, yatafutie nchi inayoyaharibu. Afrika Kusini ni ya kwanza, na ilikuwa mbele ya macho yetu muda wote: inachagua wabunge kwa uwiano, na bado ndizi za Tukuyu hazikupata njia ya kuingia huko kwa miaka. Nchi hiyo hiyo, Juni 2015, ilimwacha Rais Omar al-Bashir wa Sudan aondoke bila kumkamata, ingawa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati na Afrika Kusini ni mwanachama wake. Hapakuwa na jimbo la kupoteza kwa kumkamata wala kwa kumwacha. Uhusiano na viongozi wenzao wa Afrika ulitosha kuamua, na mahakama ya rufaa ya huko ikasema 2016 kwamba serikali ilivunja sheria. Uholanzi nayo, yenye uwiano ulio safi kuliko wa wengi, ilibidi iamriwe na mahakama yake ya juu, Desemba 2019, ipunguze gesi joto kwa angalau asilimia 25 kufikia mwisho wa 2020 ikilinganishwa na 1990.

Kanada, inayochagua kwa majimbo ya mbunge mmoja, inaelekea upande wa pili, lakini nayo ina mtego wake. Mei 2011 chama cha Conservative kilipata viti 166 kati ya 308 kwa asilimia 39.6 ya kura, na Desemba mwaka huo serikali ikatangaza kujitoa katika Itifaki ya Kyoto ya kupunguza gesi joto. Ni rahisi kusema kwamba kwa mfumo wa uwiano isingewezekana, kwa kuwa asilimia 39.6 haitoi wingi wa viti. Huenda ni kweli kuhusu kujitoa. Kuhusu kutimiza ni habari nyingine, maana utoaji wa gesi wa Kanada ulikuwa umepita lengo kwa mbali tangu serikali zilizotangulia, ambazo hazikujitoa na pia hazikutimiza. Serikali za mseto huchelewa kuingia katika mikataba na huchelewa kutoka, kwa kuwa kila mshirika ana kauli yake. Mtafiti asiyetenganisha kutoka na kutotimiza ataipa sifa isiyo yake serikali iliyobaki ndani bila kufanya kazi.

Mkataba unapougusa mfumo wenyewe

Kuna kesi moja ambayo utaratibu huu wote haufanyi kazi vizuri, nayo ni pale kifungu kinapohusu uchaguzi. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake kwamba Tanzania, kwa kumzuia mgombea binafsi, ilikiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Zuio hilo halijaondolewa katika Katiba, na Novemba 2019 serikali iliwasilisha taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Hapa hakuna mkulima wa kumtafutia anwani. Wanaotakiwa kubadili sheria ni wale wale walioingia kupitia mlango wa chama, na kila punje iliyomo bungeni imefika huko kwa njia ambayo mahakama imesema ibadilishwe. Katika mikataba ya aina hii uliza tu nani angepoteza kiti.

Kisha zipange punje za kwenu

Nilipomwonyesha shemeji zile punje, alizitazama kwa muda, akaokota moja yenye wino na kuuliza: "Na zetu ziko kisahani gani?" Ni swali la haki, na majibu yake hayapendezi sana.

Juni 2017 Rais Magufuli aliagiza mahindi yasiuzwe nje ya nchi mpaka yasagwe, na bei shambani ikaumiza sana mikoa yetu inayozalisha ziada, ambayo ni Rukwa, Ruvuma, Njombe, Iringa na Mbeya. Ukifuata nadharia ya visahani, wakulima wa mahindi wa kusini walipaswa kuwa na nguvu: ni wengi, wamekaa pamoja, na mfumo ni wa majimbo. Haikuwa hivyo. Maelezo yangu, ambayo mwenye ushahidi bora anaweza kuyapinga, ni kwamba punje huwa na nguvu pale tu zinapoweza kuhama. Mwaka 2015 Mbeya Mjini na Iringa Mjini zilikwenda upinzani, lakini hizo ni kura za wanaonunua unga zaidi ya wanaouza mahindi, na katika majimbo mengi ya mashambani pengo lilikuwa pana kiasi kwamba hasira ya mkulima isingehamisha kiti. Tena uchaguzi ulikuwa miaka mitatu mbele.

Kwa anayetaka kufanya zoezi hili darasani au katika kikundi, nashauri mlianzie karibu. Mwaka 2025 jimbo la Mbeya Mjini liligawanywa na Uyole ikawa jimbo linalojitegemea; chukueni mkataba mmoja wa biashara, muulize ni wakazi gani wa Uyole wanaougusa, wako wangapi, pengo la kura ni kiasi gani, kisha mfanye vivyo hivyo kwa Mbarali na Chunya. Matokeo ya kila jimbo hutangazwa hadharani. Kazi ngumu ni kuhesabu watu wa zao, na hapo afisa ugani wa kata atawasaidia kuliko kitabu chochote.

Shemeji bado anapeleka ndizi Karonga. Siku hizi kabla ya kupakia huulizia mambo mawili, bei ya huko ikoje na uchaguzi wao ni lini.